Namba Aliyoichagua Baba Mdogo

Baba alipofariki, mdogo wake alichukua kibanja chetu, migomba na kahawa yote, kabla matanga hayajaanuliwa. Mama akabaki na mimi na kilimo cha mpunga katika bonde la Kimwani, na huko nako mwenyekiti wa kikundi cha wakulima alikuwa huyohuyo baba mdogo.

Kikundi kiligawa majaruba kila msimu kwa kura. Kila kaya ilichota karatasi tatu kikapuni, kila karatasi na namba ya jaruba. Ya karibu na mfereji yalipata maji, ya juu yalingoja mvua. Utoto wangu wote Mama alichota ya juu, na shemeji za baba mdogo walichota ya mferejini. Karatasi nzuri zilikunjwa mara moja zaidi, na vidole vyao vilizijua. Watu waliliona hilo, wakanyamaza.

Nilisoma takwimu nikikifikiria kile kikapu. Sasa naishi Hamugembe, mjini Bukoba, nachambua takwimu za watu wengine. Mwaka jana katibu mpya wa kikundi alinipigia simu.

"Dada, wanachama wamechoka na kikapu. Kompyuta yako inaweza kupiga kura?"

"Inaweza," nikamwambia. "Mwenyekiti anajua unanipigia?"

"Kamati imeamua. Atajua siku hiyo."

Nilikubali kabla hajamaliza.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Katika R, lugha ya kompyuta tunayotumia kwenye takwimu, niliandika mistari michache: changanya namba zote za majaruba, ipe kila kaya tatu, na namba iliyokwisha kutoka isirudi tena, ili jaruba moja lisiende kwa watu wawili. Lakini kompyuta haibahatishi hivihivi. Unaipa namba ya kuanzia, tunayoiita mbegu, na mbegu ileile huzaa mgawanyo uleule kila mara.

Hapo ndipo shetani aliponikalisha chini. Jumapili baada ya misa niliketi nikajaribu mbegu moja baada ya nyingine, mpaka nikapata iliyompeleka baba mdogo juu kabisa, majaruba yote matatu. Nilicheka peke yangu. Kisha nikaifuta, wala si kwa wema. Nilimjua yule mzee: angenusa hila, angelalamika, na watu wangemwonea huruma. Nilitaka ashindwe asipate hata neno la kusema.

Siku ya kura tulikusanyika katika ukumbi wa kigango. Katibu aliwasha projekta, mistari yangu ikaonekana ukutani. Baba mdogo alikaa mbele, mikono juu ya magoti, haina kazi. Nilieleza kuhusu mbegu, kisha nikamgeukia kwa neno la heshima la Kihaya.

"Waitu, wewe ndiye mwenyekiti. Tutajie namba yoyote unayoipenda."

"Arobaini na saba," akasema.

Nikaiandika watu wote wakiona, nikabonyeza. Majina yakashuka ukutani. Baba mdogo: mawili ya juu, moja la katikati. Shemeji zake walitawanyika huku na huko kama watu wengine. Mama alipata moja la mferejini na mawili ya juu. Aliitikia kwa kichwa tu, kama mtu aliyepimiwa sawasawa.

"Huyu binti amepanga," baba mdogo akasema akisimama. "Rudia."

Hilo nililisubiri. "Kwa namba gani, waitu?"

"Ileile yangu."

Nikafunga kila kitu, nikaanza upya, nikaandika arobaini na saba. Mgawanyo ukatoka uleule, jina kwa jina. Mwanamke mmoja nyuma akaanza kucheka, kicheko kikapita benchi hadi benchi. Baba mdogo akakaa.

Nje alinisogelea. "Mwanangu, mimi ni damu yako. Ungenisaidia."

"Umechagua mwenyewe, Baba," nikamjibu.

Mama alisikia. Tukiwa njiani akaniambia, "Imetosha sasa. Umeshamwaibisha."

"Kibanja je?"

Akaongeza mwendo. Kibanja bado anakilima baba mdogo, na hakuna mistari ya kompyuta itakayokirudisha.

Mvua za msimu huo zilichelewa. Niliomba ruhusa kazini, nikapanda basi hadi Muleba, kisha bodaboda hadi bondeni. Nilimkuta baba mdogo akipandisha maji kwa madumu kwenda kwenye majaruba yake ya juu, shati limemganda mgongoni. Nilisimama kwenye tuta mpaka alipoinua macho akaniona. Alikuwa amezeeka kuliko nilivyodhani. Nilingoja huruma ije, haikuja.

Nikapiga goti kidogo, kama tulivyofundishwa, nikamwamkia.

Aliitikia akiwa ameshika dumu.