Mlio wa Silinda ya Tatu

Biashara ilipofunguliwa, na watu binafsi nao wakaruhusiwa kununua mazao, mimi na kaka yangu tuliuza kahawa aliyotuachia marehemu baba tukanunua pikapu kuukuu. Tulipandisha usipa mkavu, dagaa wa kwetu, kutoka ziwani hadi Mbinga. Hatukuwa na kitu kingine cha kutulisha.

Injini ikaanza kugonga mlimani. Kaka alisema ni petroli, maana walioiuza kwa madumu waliichanganya na mafuta ya taa. Niseme haki: hakukosea. Fundi tuliyempelekea alirudisha taimingi, yaani wakati wa cheche, nyuma kidogo, na ule mlio mwembamba, kama kijiko ndani ya kikombe, ukaisha. Lakini chini yake ulibaki mwingine, mzito, kama mtu anayetwanga kwenye nyumba ya jirani.

Fundi akaiacha injini inaunguruma, akawa anachomoa waya za plagi mmojammoja. Alipochomoa wa tatu, silinda hiyo ikaacha kuwaka na kutwanga kukafifia.

"Huyu hapa," akasema. "Beringi ya konrodi, huu mkono wa pistoni, imekwisha. Tufungue chini, bosi, kabla haijavunja injini."

"Wewe mtu akikohoa tu, unachimba kaburi," kaka akamjibu. Wakacheka wote wawili.

Mimi nilisema tufungue. Nilisema, ingawa siku hizi najiuliza kama kuna aliyenisikia. Kaka ndiye mkubwa wetu, na funguo zilikuwa kwake.

Akamimina oili nzito, ile ya gia. Kweli mlio ukanyamaza.

"Unasikia kitu, mdogo wangu?"

"Sisikii."

"Basi."

Tukashuka ziwani kwa fri, injini imezimwa, kama madereva wengi wa kwetu walivyobana petroli. Kurudi tumejaza usipa, na kaka hakutaka kushusha gia, petroli isiliwe. Injini ikapanda inahema. Katikati ya mlima ikapiga kishindo kimoja. Konrodi ilikuwa imetoboa ubavu wa injini. Oili ikateremka barabarani kuelekea tulikotoka. Kisha mvua ikaja juu ya usipa.

Kaka alikaa kwenye jiwe. "Balaa hili ulilitamka wewe," akasema. "Ulikuwa unaliombea."

Labda uchungu ndio uliosema. Nimejitahidi kuamini hivyo. Pikapu ilioza palepale, watu wakaing'oa kidogokidogo mpaka milango. Tukarudi kwenye jembe, kila mtu na ngoro zake, mashimo yetu ya kulimia, upande wake wa mlima.

Jumapili padri akisema tupeane amani, kaka hunigeukia na kunipa ncha za vidole. Nami humpa zangu.