Kompyuta Iliponiweka Uganda

Nyumba yangu iko Burumba, mtaa wa Busia upande wa Kenya, mahali ambapo ukisimama mlangoni unasikia malori yakipiga honi kwenye foleni ya mpakani. Nimeendesha lori miaka mingi kati ya Kenya na Uganda, na pale Busia nilikuwa napaona kama uwanja wa nyumbani. Sikuwahi kupaogopa hadi lori langu lilipozimika pale.

Kampuni iliyoniajiri ilikuwa imepoteza lori moja ng'ambo. Lilienda na mzigo wake, halikuonekana tena. Baada ya hapo wakafunga mtambo mpya kwenye magari yote. Kilikuwa kidude cheusi, kidogo kama kiberiti, kimefichwa nyuma ya dashibodi. Kilisoma kwa setilaiti mahali gari lilipo, kikatuma habari kwenye kompyuta ya ofisi Nairobi kupitia laini ya simu iliyokuwa ndani yake. Gari likivuka kabla ofisi haijaliruhusu, kinazima injini. Tulipoelezwa, nilikubali bila ubishi. Hata mimi sikutaka kuibiwa gari nikiwa ndani.

Siku hiyo nilibeba vifaranga wa siku moja, maboksi yamepangwa hadi juu, mali ya mama mmoja mfugaji upande wa Uganda. Asubuhi nilipita dirisha la uhamiaji, pasipoti ikagongwa muhuri wa kutoka Kenya, kisha nikaingiza lori chini ya paa kubwa la mabati la ukaguzi. Mbele yangu kulikuwa na lori la simiti, nyuma yangu la mafuta, na nyuma ya hilo mengine hadi barabarani. Injini ikakohoa, ikanyamaza. Nikageuza ufunguo, kimya. Taa ndogo nyekundu ikawaka kwenye dashibodi na haikuzimika.

Nilipiga simu ofisini. Aliyepokea ni msichana wa mitambo, yule aliyeiandika programu yenyewe. Tulikuwa tumeonana mara moja tu, siku ya mafunzo.

"Mzee, umevuka bila ruhusa," akaniambia. "Kwenye skrini uko Uganda."

"Niko Kenya, dada. Bendera yetu naiona hapa dirishani."

"Mimi nakuona karibu na soko la upande ule."

"Sawa, wacha nikae Uganda. Lakini niwashie gari."

Nilimsikia akibonyeza vitufe. Alituma amri ya kuwasha injini, akangoja, akatuma tena. Taa nyekundu ilibaki pale pale.

Lori la simiti lilipitishwa, likaondoka. Mbele yangu pakawa wazi, nami siwezi kusogea. Wa nyuma wakaanza honi. Dereva wa lori la mafuta alikuja dirishani, akaniangalia kama mtu aliyelala kazini. Nikamwonyesha taa. Akatingisha kichwa, akarudi akalala yeye.

Kufikia saa sita joto la mabati lilikuwa limeshuka hadi shingoni. Nyuma yangu vifaranga walikuwa wanalia kwa sauti moja nyembamba isiyokatika. Ukiwa safarini sauti hiyo humezwa na injini. Sasa ilikuwa ndiyo kitu pekee ndani ya lile lori, na ilinikaa kichwani hata nilipotoka kwenye kebini.

Mke wangu alisikia habari kutoka kwa watu wa bodaboda, akaja hadi kwenye uzio wa waya. Alileta ugali na dagaa wa omena kwenye bakuli, na kidumu cha maji.

"Baba watoto, si uje nyumbani ule ukapumzike? Ni hapo tu."

"Siwezi. Nimegongwa muhuri, nimeshatoka Kenya. Na gari siruhusiwi kuliacha."

"Kwa hivyo uko wapi?"

Bakuli halikuweza kupita kwenye matundu ya waya, kwa hivyo alinimegea tonge kwa tonge, akanipitishia kwa vidole. Kidumu alikirusha juu ya uzio. Paa la nyumba yetu nililiona kutoka pale niliposimama. Nilijisikia kama mfungwa aliyetembelewa, na yeye aliliona hilo usoni mwangu, maana aliangalia chini hadi chakula kikaisha.

Mchana yule msichana alinipigia. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Mzee, simu yako mwenyewe imepata ujumbe wowote leo?"

"Imenikaribisha Uganda, kama kila siku. Hata nikiwa kitandani Burumba hunikaribisha."

Kisha akanieleza polepole, akijieleza na yeye pia. Chini ya mabati kidude hakikuona setilaiti, kikaanza kukisia mahali kilipo kwa kutumia mnara wa simu ulio karibu. Mnara wenye nguvu ulikuwa wa Uganda. Kikaamini kiko Uganda, kikazima injini. Na kwa sababu laini yake sasa ilishikwa na mtandao wa ng'ambo, ambao kampuni haikuulipia, amri za Nairobi hazikukifikia. Kilikuwa kimejifungia ndani na ufunguo umebaki nje.

"Lori lirudi nyuma, litoke chini ya paa," akasema. "Likivutwa mbele ndio litazidi kuamini liko Uganda."

"Nyuma yangu kuna foleni hadi mjini."

"Nikikuambia ukikate waya, nafukuzwa kazi, na wewe pia. Bosi hapokei simu. Mzee, sijawahi kufika mpakani. Nilijaribu hii kitu hapa Nairobi tu."

Alikuwa analia, nadhani. Sikumkasirikia. Yeye alikuwa amekwama kwenye kiti chake na mimi kwenye changu.

Mwenye vifaranga alivuka kwa miguu kunitafuta. Alifungua boksi la kwanza, akatoa kifaranga mmoja aliyekufa, akamshika kiganjani.

"Ssebo, bwana, hizi hazifiki jioni," akaniambia. "Mimi nangoja gari, ama nangoja vifaranga?"

Swali hilo lilinitoa usingizini. Tulienda pamoja kwa afisa wa mifugo. Karatasi zote za mzigo zilikuwa sawa, kilichokwama ni lori tu. Afisa alikuja, akasikiliza ile sauti kidogo, akaenda kuzungumza na watu wa forodha, akarudi na ruhusa ya kuhamisha mzigo.

Tuliita wale walemavu wa mpakani wanaovusha bidhaa kwa baisikeli zao za magurudumu matatu. Walikuja kwa safu. Mimi nikishusha, mama akiwahesabu kwa macho waliokufa, wao wakifunga maboksi kwa kamba za mpira.

"Boss, wewe huendi?" mmoja wao aliniuliza, akikaza mpira wa mwisho.

"Mimi nabaki."

Wakaondoka wakisukuma kwa mikono, na vile vilio vikaenda nao ng'ambo. Lori likawa tupu. Nilidhani nitashukuru kupata utulivu, lakini nilikaa kwenye kebini nikatamani wangeniachia hata boksi moja.

Kesho yake asubuhi askari walipanga foleni upya, trekta ikanivuta nyuma hadi kwenye jua. Taa nyekundu ikazimika yenyewe. Injini iliwaka kwa ufunguo wa kwanza.

Baada ya majuma kadhaa msichana alikuja Busia na kompyuta yake. Aliketi kando yangu, tukaingia chini ya lile paa naye akiiangalia skrini. Alikuwa ameandika programu upya: kidude kikikosa uhakika, kisizime, kiulize kwanza. Kiliuliza, naye akakijibu. Tulipita vizuri. Yeye alifurahi kama mtoto. Mimi shati lilikuwa limeloa mgongoni, na mguu wangu ulikataa kutoka kwenye pedali mpaka aliponigusa bega.

Bado naendesha. Mwaka huu wamefunga kamera juu ya usukani, inasoma macho ya dereva na kupiga kelele akisinzia. Ni kitu kizuri. Watu wengi wamekufa barabara hii kwa usingizi. Lakini mimi macho yangu ni madogo tangu kuzaliwa, na kila nikikabili jua la jioni nakunja uso, kamera inapiga kelele na kuniripoti Nairobi kwamba nimelala. Nimeshapewa onyo moja. Mke wangu ananiambia niyafungue zaidi. Basi naendesha hivyo, nimeyatoa macho kama mtu aliyeshtuka, kutoka Nairobi hadi nyumbani.