Pikapu Iliyomkataa Mama Mkwe

Fundi Milimita alipata jina hilo kwa sababu hapimi kitu mara moja. Mpelekee kazi ya stuli tu, atapima, atachora kwa penseli ukutani, atakunywa maji, kisha atapima tena kana kwamba ubao umekua alipogeuka. Wateja humwita msumbufu mpaka siku droo inapoingia bila kukwama. Sasa naomba mtu anieleze, maana mimi hadi leo sielewi: seremala wa namna hiyo alinunuaje pikapu bila kutoa tepu mfukoni?

Kisa ni mlango. Muuzaji, bwana mmoja wa tai nyembamba na viatu vya kung'aa, hakumwambia habari za injini. Alifungua mlango wa dereva, akauachia ujifunge taratibu. Tup. "Sikia hiyo, mzee wangu." Milimita maisha yake yote amegombana na milango: inayovimba mvua zikinyesha, inayolegea bawaba, inayokwaruza sakafu. Aliposikia ule unavyofungika, mwili ukamsisimka. Akaufungua, akaufunga mwenyewe. Akazunguka upande wa pili, akafunga na ule. Kule nyuma, kwenye bodi la mizigo, ambako ndiko riziki yake ingekaa, alitupa jicho mara moja tu akasema safi.

Pikapu yake ya zamani akamuuzia shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye kazi yake ni kufyatua matofali. Ilikuwa ya milango miwili, rangi yake haijulikani ilianza na ipi, kioo cha abiria kinapandishwa kwa koleo, na kuwaka kunategemea imeamkaje. Lakini bodi lake lilikuwa refu, la chuma tupu. Limebeba vitanda, makabati, kokoto, wagonjwa, na siku moja timu nzima ya mpira pamoja na kocha aliyefungwa mabao.

"Chukua tu, shemeji," Milimita alisema mbele za watu. "Hili linafaa matofali."

Shemeji akacheka, akashukuru, akaondoka na moshi wake.

Basi pikapu mpya ikaingia mtaani. Milango minne, viti vya ngozi, skrini kubwa kama sinia, na ndani yake sauti ya mwanamke asiyeonekana, mwenye adabu za mapokezi ya hoteli. Tafadhali funga mkanda. Tafadhali punguza mwendo. Milimita alikuwa amezoea kuamrishwa na mwanamke mmoja, sasa wakawa wawili, na huyu wa pili hana hata siku ya kununa akanyamaza.

Wa kwanza kuonja alikuwa mama mkwe. Huyu mama aliishi nyumba ya pili kutoka kwao, mwanamke mrefu wa kuinama kila mlango isipokuwa wake, kwa kuwa mkwewe alimtengenezea mlango wa kimo chake, apite kichwa juu. Walipendana, hilo tuseme wazi. Milimita ndiye aliyekuwa akimpeleka kliniki, na yule mama alikuwa akipanda ile ya zamani kama anaketi kitandani kwake. Hii mpya ilikuwa imeinuka, ikabidi asukumwe kwa nyuma, jambo ambalo mkwe hawezi kulifanya, hadi akaitwa jirani wa kike. Alipokaa, gari likaanza kupiga kelele za mkanda.

"Nifungwe? Nimeiba nini?"

"Ni usalama, mama."

"Usalama gani unaonipigia kelele? Mkwe wangu, hili gari lina maneno kuliko kazi."

Kwenye kazi ndiko aibu ilikokuwa. Kabati la kwanza halikuingia. La pili liliingia nusu, mlango wa nyuma ukabaki wazi, na yule mwanamke wa hoteli akamkumbusha njia nzima kwamba mlango wa nyuma uko wazi. Mbao ndefu ndiyo usiseme. Isitoshe, alikuwa akiogopa kuchubua rangi, kwa hiyo kila alichopakia alikitandikia blanketi, mpaka mkewe akauliza wao wajifunike nini. Mwishowe akawa anakodi mkokoteni. Mtaa mzima ulimwona: mkokoteni mbele, umejaa mbao, msukumaji jasho linamtoka, na nyuma yake pikapu mpya inatambaa pole pole kama msafara wa waziri.

"Fundi, vipi tena?" watu walimuuliza.

"Napasha injini moto."

Haya, injini gani inapashwa moto miezi yote hiyo? Mkewe alijua, shemeji alijua, hata msukuma mkokoteni alijua. Lakini mwanamume akishalimwagia sifa gari lake kijiweni, kukiri ni kazi. Alimeza. Nyumbani alisema gari ni zuri, halina tatizo, akageukia ukutani akalala.

Kisha mama mkwe akaugua, na hakuinuka tena.

Milimita aliumia kama amefiwa na mama yake wa kumzaa. Ndugu walipokaa kupanga mazishi na mmoja akataja gari la kukodi, alisimama. "Mama hapandi gari la kukodi. Mimi mkwe wake nipo na gari lipo. Nitambeba mwenyewe." Mkewe alimtazama kwa macho mekundu, akatikisa kichwa kukubali. Ilikuwa ahadi kubwa, imetolewa mbele ya ukoo mzima. Akaingia karakanani, akatengeneza jeneza kwa mbao zake bora alizokuwa akizitunza, refu kama mwenyewe alivyokuwa mrefu, akalipiga msasa hadi likawa laini kama mkono wa mtoto. Alipima mara mbili, mara tatu. Jeneza alilipima. Gari hakulipima.

Pale uwanja wa mochwari wanaume sita waliinua, wakasogeza. Jeneza likaingia, likaingia, likagota. Miguu ya mama ikabaki nje, hewani.

"Mlango wa nyuma uko wazi," sauti ikasema. "Tafadhali funga mlango wa nyuma."

Watu wakaacha kuimba. Mjomba mmoja akashauri liwekwe mshazari. Likawekwa mshazari, likakwama kwenye kingo. Mwingine akasema kichwa kiinuliwe juu ya paa la gari na miguu ishuke. Watatu wakaanza kujaribu.

"Mlango wa nyuma uko wazi."

"Nyamaza wewe!" Milimita alilifokea gari lake mwenyewe, mbele ya wafiwa.

Mkewe akasogea. Hakupaza sauti. "Baba watoto, mama yangu si kabati. Acheni kumgeuzageuza."

Maneno hayo yalimwingia hadi kwenye mfupa. Aligeuka akamwona shemeji yake pembeni, ameegemea pikapu ya zamani, aliyoletea viti na mabibi wazee wa ukoo. Alitembea mpaka pale mbele ya macho ya watu wote.

"Shemeji, naomba gari."

Shemeji hakucheka. Bora angecheka. Alishusha viti vyote, akafagia bodi kwa shati lake alilolivua, kisha akampa ufunguo. "Ila endesha wewe. Gia ya tatu ya gari hili mpaka leo inanitoa jasho."

Jeneza likaingia lote, na nafasi ikabaki ya watu wawili kukaa nalo. Mkewe akapanda mbele. Milimita akaweka mkono kwenye gia, gia ikaingia bila ubishi, na palepale akaanza kulia kwa sauti kama mtoto. Kila shimo alilikwepa, kila tuta alilipanda polepole, huku kamasi zinamtoka.

"Nimekuaibisha, mama watoto."

"Endesha," mkewe alisema, akamwekea mkono begani. "Unambeba vizuri."

Baada ya mazishi, watu wakianza kutawanyika, Milimita alimvuta shemeji yake kando. Hakuzunguka mbuyu. "Chukua ile mpya. Viti vya ngozi, skrini, vyote vyako. Nirudishie hili."

Shemeji akalitazama bodi, lenye maua machache yaliyokanyagwa. "Ungeniomba jana, ningekupa na mafuta nimejaza. Kila nikilipeleka gereji nilikuwa nakusema vibaya."

"Basi na leo nipe."

"Leo limembeba mama yangu, shemeji. Nitalitoaje?"

Milimita akatoa ufunguo mfukoni, akamrudishia. Ni yeye mwenyewe aliyeliendesha.