Tarakimu ya Kwanza ya Taa ya Bafuni

Umeme nilijifunza kwa kusoma vitabu, jioni, baada ya kazi yangu ya kutunza stoo Nachingwea. Kwa hiyo dada yangu aliyeolewa Ruangwa alipovuta umeme, miaka ya elfu mbili, kazi ya kufunga taa ya bafuni nilipewa mimi. Alinisifu kwa majirani kabla hata sijapanda ngazi.

Nilichagua kwa uangalifu. Boksi la taa liliandikwa IPX4. Nilijua kwamba IP ni alama ya kinga ya kifaa, na baada yake huja tarakimu mbili: ya kwanza ni kinga ya vumbi, ya pili ni kinga ya maji. Ile nne ilimaanisha maji yakirushwa kutoka upande wowote hayadhuru. X ilimaanisha kinga ya vumbi haikupimwa. Bafuni kuna maji, nikajiambia, vumbi litoke wapi? Nikafunga.

Miezi michache baadaye dada alipigwa shoti. Alikuwa akitundika kanga msumarini, mkono ukagusa mfuniko wa chuma wa taa. Alianguka, akaumia kiwiko. Nilipofika nilimkuta barazani, mkono umefungwa kitambaa.

"Ing'oe," alisema. "Nitaogea kibatari kama mama."

"Dada, nipe muda kidogo."

"Nilikupa bafu, ukanirudishia jeneza."

Nilizima swichi kuu, nikafungua taa. Ndani mlikuwa na tope la njano. Nikalinusa: salfa, ile ya unga wanayopulizia mikorosho, imelowa mvuke wa bafuni. Ilikuwa imeula waya wa ethi, ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, mpaka ukakatika, na tope lenyewe likapitisha umeme hadi kwenye mfuniko.

Shemeji alikuwa akirudi kila siku kutoka shambani Narung'ombe akiwa wa njano kuanzia kofia hadi viatu. Nikamuuliza nguo anazikung'utia wapi.

"Bafuni. Uani dada yako ameanika ufuta. Nikikung'utia pale nitalala na mbuzi."

"Mbuzi wenyewe watakukataa," dada alisema.

Niliuliza kwa majirani. Wote walifanya hivyohivyo, maana msimu wa salfa na ufuta wa kuanika hukutana. Kosa lilikuwa langu. Nilisoma maji peke yake.

Nachingwea taa niliyoitaka haikuwepo. Nilimwagiza mfanyabiashara aliyekuwa akileta bidhaa kutoka Mtwara, nikamwandikia kwenye karatasi: IP65, si pungufu. Alileta 44. Nikamrudishia, maana nne ya mwanzo huzuia kipande cha waya, haizuii unga.

"Taa ni taa, fundi," aliguna.

"Hii si taa ya sebuleni."

Safari ya pili alileta yenyewe: ya plastiki, yenye mpira kuzunguka mfuniko. Sita, vumbi haliingii kabisa. Tano, huvumilia hata maji ya bomba yakielekezwa kwake.

Nilifunga, nikaweka waya mpya wa ethi, kisha nikamwomba shemeji akung'ute nguo humo kama kawaida yake. Alikung'uta siku saba. Siku ya nane nilizima umeme, nikafungua mfuniko, nikapitisha kitambaa cheupe ndani. Kilitoka cheupe. Nikampelekea dada.

"Kitambaa hakiogi," alisema. "Oga wewe."

Nikawasha, nikaoga ndoo nzima, na maji nikayarusha hadi ukutani. Nje ya mlango aliuliza mara mbili, "Upo?"

"Nipo."

Nilipotoka alichukua ndoo yake, akaingia, akafunga mlango. Nilikwenda kusimama kwenye swichi kuu, mkono juu yake, mpaka nilipomsikia akifungua komeo.