Kopo la biskuti na mwanamke aliyesimama wima

Jamani, nimebaki darasani peke yangu na naogopa kutazama dirishani.

Shule yetu hapa Rumonge haina vyombo vya kufundishia, kwa hiyo leo nilijitengenezea kimoja. Nilichukua kopo tupu la biskuti za Mdachi, nikalitoboa kwa msumari upande mmoja, na upande wa pili nikabandika karatasi iliyopakwa mawese ili mwanga upite.

Ukilielekeza ziwani, kila kitu kinatokea kwenye karatasi kichwa chini. Vilima, michikichi, mitumbwi.

Wanafunzi wangu ni watu wazima. Walicheka mpaka machozi!

Kisha mmoja wao, mvuvi aitwaye Saidi, akaacha kucheka.

"Mwalimu, huyu mbona amesimama wima?"

Nikachungulia. Kweli, mwanamke mwenye kikapu cha ndagala, dagaa wa ziwani, kichwani, wima kabisa.

Nikajitia ujuaji: "Hiyo ni sura yake majini. Maji yameipindua, kopo likaipindua tena. Mwenyewe yuko ukingoni."

Tukatazama nje. Ukingoni hapakuwa na mtu. Tangu ugonjwa wa malale uingie, boma limekataza watu kukanyaga pale.

"Ni muke wangu," Saidi akasema polepole.

Na mke wake tulimzika kabla ya mvua. Malale.

Saidi akashuka ziwani mbio. Wenzake wakakimbilia makwao.

Mimi nikachungulia tena kwenye kopo.

Sasa wako wawili. Wote wawili wima.

Ndugu zangu, nitazame nje?