Keremkerem na Blanketi la Harusi

Nakumbuka siku moja, mvua za vuli zikiwa ndiyo kwanza zimeanza, nilipotoka nje ya nyumba yetu ya kupanga kule Kabiria na kifuniko cha sufuria mkononi, tayari kwa vita. Cheka tu, mwanangu. Nawe unaolewa hivi karibuni, utakuja kunisimulia yako.

Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Kakamega kututembelea kwa mara ya kwanza. Mimi ni mtoto wa Nyeri, si wa kabila lao, na yeye hakunitaka. Chakula changu alikionja kwa ncha ya kijiko. Jina langu hakulitaja. Niliitwa "bibi ya kijana yangu", tena akizungumza na jirani. Niliogopa sana kwamba akiondoka, ndoa yangu nayo itaondoka.

Asubuhi hiyo ndege walijaa juu ya ua wetu wakiita pruu, pruu. Walikuwa wazuri ajabu: kichwa cha hudhurungi, koo la manjano, tumbo la buluu, na mstari mweusi kwenye jicho kama waliojipaka wanja. Lakini mimi niliwaza tu kwamba watamwamsha mama mkwe, nikaanza kugonga kifuniko kuwafukuza.

Mama akatoka mbio. "Wacha kelele! Kwani huoni wanakula nini?"

Kumbikumbi! Walikuwa wakitoka kwenye kichuguu nyuma ya jiko, na keremkerem, maana ndilo jina la ndege hao, wakiwadaka hewani. Wametoka Ulaya huko kukimbia baridi, wakatuonyesha kitoweo cha uani kwetu. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mama akanyakua blanketi langu la harusi, akafunika kichuguu, akaacha tundu dogo na kutega beseni. Akanipa vijiti viwili. "Gonga kama mvua. Wakisikia, watadhani inanyesha, watatoka wote." Nikagonga kwa woga, kama mtu anayebisha mlango wa chifu. Mama akacheka mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani.

Juu ya waya wa stima, keremkerem mmoja alikuwa amekamata nyuki, akimpigapiga na kumsugua.

"Ona huyo," mama akasema. "Nyuki iko na sumu, lakini yeye haitupi. Anaipiga kwa waya mpaka mwiba itoke, ndio anakula." Akanitazama kando. "Hata wewe umenivumilia. Mwiba yangu karibu itoke, mwanangu."

Mwanangu! Nililia huku nikigonga vijiti. Jioni tulikula kumbikumbi wa kukaanga kwa ugali, na mimi, ambaye kwetu hao ni chakula cha kuku, nikaomba nyongeza.

Mama alishatangulia mbele ya haki. Keremkerem bado hupita kila vuli, nami husimama uani nikawasalimu.

Basi shika hili: usikimbilie kufukuza kelele kabla hujaona kinacholiwa, na mtu mwenye mwiba usimtupe; mvumilie, umo utamu ndani yake. Mungu akujalie subira ya keremkerem, na huko uendako, yule mkali kuliko wote akuite mwanangu.