Siku Nyundo ya Baba Ilipogeuka Bastola

Chekeni kwanza, chekeni mmalize, maana najua habari imeshakufikieni ikiwa na chumvi nyingi, wengine mmeambiwa nilitaka kumuua bwana harusi, wengine mmeambiwa nilikutwa na bomu. Wallahi aibu niliyoipata Wambaa sijapata kuiona tangu nizaliwe, na mpaka leo nikipita kule napita natazama chini. Lakini sikubali kuwa kosa ni langu peke yangu. Sikubali hata kidogo! Nisikilizeni, kisha mhukumu wenyewe.

Mnanijua mie ni sonara, kazi nimeirithi kwa marehemu baba pamoja na nyundo yake ndogo ya mpini wa mbao, mpini umeshika umbo la kiganja chake. Dhahabu ya bibi harusi sisi hatumngoji mtu aje kuifuata, tunaipeleka wenyewe mpaka mlangoni, ndiyo desturi yetu. Sasa mwaka jana mke wangu Mize alikuwa anapeleka vipuli kwa watu, vijana wawili wa honda, pikipiki hizi, wakamkwapua mkoba, na kwa vile mkanda ulikuwa umemzunguka bega wakamburura barabarani mpaka ukakatika. Mkono ulivunjika pawili. Mpaka leo hawezi kukuna nazi. Kwa hiyo mtu akiniuliza bastola ya nini, Hamad, Pemba hii ya amani, namwambia nenda kamuulize Mize.

Nikaomba kibali. Kwa njia ya halali, nasisitiza, maana wapo walionambia yakhe, utachoka bure. Barua ya sheha nikapeleka, alama za vidole nikaweka, picha nikapiga. Ofisi yenyewe siitaji jina, na afisa aliyeshika faili langu nitamwita Afande Shaame (si jina lake, namsitiri, ingawa yeye hakunisitiri mie). Mara ya kwanza akanambia muhuri wa sheha umepauka, kalete barua nyengine. Nikaleta. Mara ya pili picha haitakiwi kofia. Nikavua kofia, nikapiga nyengine. Mara ya tatu mkubwa kenda Unguja. Mara ya nne mkubwa karudi lakini mfumo uko chini, na huo mfumo, jamani, ukawa chini wiki baada ya wiki, utadhani umezama. Kila nikiondoka ananambia, "Njoo wiki ijayo, inshallah." Inshallah ya kweli naijua, nimefundishwa chuoni. Ile ilikuwa ya kufukuzia watu.

Miezi minane! Na kila nikienda lazima anione kama ndiyo kwanza tunajuana. "Jina nani vile?" Hamad. "Hamad yupi?" Sonara, afande, nilikuwa hapa Jumatatu. "Aa. Unatokea wapi?" Miezi minane naulizwa ninatokea wapi.

Mwisho siku moja, sijui aliamkia nini, akatabasamu akanambia, "Sonara, wewe jiandae tu. Kibali kiko njiani."

Jiandae tu! Neno hilo ndilo lililoniponza. Nikatoka pale kifua mbele, nikaenda moja kwa moja kwa fundi viatu nikamwambia anishonee ala ya bastola, ile pochi ya ngozi ya kufunga kiunoni. Fundi akashona vizuri, mkono wake mzuri, tatizo mdomo wake, akanambia, "Usiiache tupu, ngozi mpya itajikunja, tia kitu ndani ishike umbo." Nyumbani nikatafuta kitu cha kutia, nikaona nyundo ya baba. Ikaingia kama imepimwa, kichwa chini, mpini nje. Mize akaniangalia akasema, "Weye mwanamme una akili timamu?" Nikamwambia nazoea, ili bastola ikija nisitembee upande. Chini ya kanzu nani ataona?

Nikazoea wiki mbili. Ikafika siku ya harusi ya Zuwena, mjukuu wa Bi Raya wa Wambaa. Bi Raya alikuwa kaniletea bangili zake mwenyewe, alizovishwa siku aliyoolewa, hakuwahi kuziuza hata mwaka wa njaa, nizifue upya zimkae mjukuu wake. Akanambia, "Hamad, mwanangu, hizi ndizo nilizonazo. Zimfike kabla bwana harusi hajaingia, mtoto asije akatazamwa na watu mikono mitupu." Nikamwahidi. Ndoa ilikuwa ifungwe msikitini baada ya sala ya alasiri, kisha bwana harusi anakuja kumuona mkewe.

Nilichelewa kidogo njiani, nikafika adhana inamaliza, na nyumba ya Bi Raya ni hatua chache tu mbele ya msikiti. Ningepita nikampa, yangekwisha. Lakini nikasema nisali jamaa kwanza, nitoke na dhahabu nikiwa na udhu wangu. Mkoba nikauweka nyuma, ukutani. Ala iko kiunoni na nyundo yake ndani, na wala sikuikumbuka, kwa kuwa nilishazoea!

Rakaa ya kwanza, nikainama kurukuu, kanzu ikanikaza, ala ikajichora. Nyuma yangu nikasikia mtu amekatiza pumzi. Nikadhani ana kikohozi. Rakaa ya pili, tukashuka kusujudu, na kwenye kushuka ile nyundo ikachomoka, ikateleza chini ya kanzu, ikagonga marumaru. Kwaa! Na alasiri hasomi mtu kwa sauti, msikiti mzima kimya, mlio ule ulisikika mpaka kwenye birika la kutawadhia.

"Ana bastola!"

Lahaula! Sijapata kuona watu wazima wakitoka msikitini namna ile. Walitokea mlangoni, walitokea madirishani, viatu vikachanganyika, bwana harusi mwenyewe na joho lake kapita dirisha la kibla. Akabaki imamu peke yake, mzee wa watu, anaendelea na sala yake, na mie niliyesujudu, siinuki, naogopa kuinuka. Kisha nikakabwa shingo kutoka nyuma. Kugeuka, ni nani? Afande Shaame. Kumbe ni ami yake bwana harusi!

"Ndiye huyu!" anapiga kelele. "Hamad Faki Omar, sonara! Miezi minane huyu anataka bastola!"

Jamani, siku ile jina langu alilijua. La baba alilijua, la babu alilijua. Nikamwambia, "Afande, ni nyundo, itazame." Akaitazama. Akaiona nyundo. Akasema, "Sawa, hii nyundo. Lakini hii ala ni ya bastola. Bastola yenyewe iko wapi?"

Hebu niambieni nyie, mngejibuje? Na hapo mtu mmoja aliyekuwa akichungulia dirishani akauona mkoba wangu ukutani, akaunyooshea kidole, "Na ule mkoba wa nani?" Nikasema ni wangu, mna bangili za bibi harusi. Ndiyo kwanza nikaharibu, mtu akasema ni bomu. Wakarudi nyuma wote, wamefika mpaka kwenye minazi.

Afande akanikalisha barazani, mikono imefungwa kwa kilemba changu mwenyewe, akapiga simu waje wataalamu. Mkoba usiguswe. Tukakaa. Nusu saa, hakuna mtaalamu. Saa, hakuna mtaalamu. Nikimuuliza ananambia, "Wako njiani." Nikamwambia afande, najua njia hiyo ilivyo ndefu. Kule nyumbani kwa Bi Raya nyimbo za akina mama zilishanyamaza, nikajua Zuwena amekaa na mikono yake mitupu ananingoja, na roho iliniuma kuliko ile kamba ya kilemba. Nikamwomba, "Nifungue nikaufungue mkoba mwenyewe, ukiripuka niripuke mie." Akasema taratibu haziruhusu.

Ndipo akaja Bi Raya. Peku, kanga mbili, pakacha mkononi. Wanaume wakamwambia, "Bi Raya, usiende, mna bomu!" Akapita mbele ya Afande, akaingia msikitini, akaufungua mkoba palepale, akatoa bangili zake moja moja, akazihesabu. Zote zipo. Akatoka, akasimama mbele ya wanaume wote wa Wambaa.

"Bangili zangu mimi," akasema, "ndizo mlizozikimbia?"

Bwana harusi akawa anajifuta vumbi kwenye joho. Bi Raya akazitia bangili ndani ya pakacha, juu yake ng'onda, wale samaki wakavu wananuka mpaka macho yanatoka machozi, kisha akanigeukia mie. "Na weye Hamad. Dhahabu za nyumba yetu zimekwenda mjini Mkoani na kurudi chini ya ng'onda tangu enzi za mama yangu. Nani kakwambia zataka bastola?"

Nikashuka chini ya ardhi. Zuwena alivikwa, alhamdulillahi, na vigelegele nilivisikia nikiwa ndani ya gari ya askari, maana Afande alisema ala ya bastola bado ina maswali.

Sasa hapa ndipo ninapopandwa na hasira hata nikisimulia. Tulipofika ofisini mfumo ulikuwa juu. Mkubwa alikuwepo. Muhuri ulikuwa na wino! Faili langu lililolala miezi minane lilitafutwa likaonekana, likasomwa, likajibiwa, kwa muda ambao hata chai haijapoa: ombi limekataliwa, mwombaji hana utulivu.

Basi nimeapa. Sitavaa tena ala ya kitu nisichokuwa nacho, na neno "jiandae" nikiambiwa na mtu wa ofisi nitajiandaa kurudi nyumbani. Dhahabu za watu nazipeleka chini ya ng'onda, Mize ndiye anayezipanga kwa mkono wake ule mmoja mzima, na kwenye gari watu wananipisha siti nzima.

Ila nyundo ya baba waliichukua kuwa kidhibiti, na bila ile nyundo mkono wangu haufui dhahabu ikakaa sawa. Jumatatu nilikwenda kuiomba. Afande Shaame akaniangalia, akafungua daftari.

"Jina nani vile?"